Mabingwa Waliotuachia Mikono

Kuna mwaka mmoja katika historia ya udaktari wa Afrika Mashariki ambao naona hatujauzungumza vya kutosha. Ni mwaka 1972.

Mwaka huo kule Marekani zilitolewa tuzo za Lasker, ambazo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za utafiti wa tiba duniani. Kati ya waliotunukiwa walikuwamo watu wawili ambao kazi iliyowapa heshima hiyo ilifanyika Kampala, katika hospitali ya Mulago. Mmoja ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji. Mwingine ni John Ziegler, daktari wa saratani. Na mwaka huo huo, Kampala kwenyewe, mambo yalikuwa yanaharibika. Mwezi Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wana siku 90 tu za kuondoka Uganda. Walimu wengi wa kigeni pale Makerere nao wakafungasha virago. Profesa Ian McAdam, aliyekuwa akiongoza idara ya upasuaji tangu 1957, akaondoka. Ziegler naye akaondoka.

Sasa jiulize pamoja nami. Fundi mkuu akiondoka ghafla, karakana inabaki na nini? Inabaki na misumari na mbao tu, au inabaki na mafundi?

Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili leo. Tumezoea kuwapima madaktari wa upasuaji kwa idadi ya watu waliowapasua, au kwa upasuaji mmoja mgumu ulioandikwa kwenye magazeti. Si kipimo kibaya. Lakini mimi naona kuna kipimo kingine kizito zaidi, nacho ni mikono mingapi wameiacha nyuma yao. Na kwa kipimo hicho tunao wazee wa kuwavulia kofia.

Tuanze na kazi yenyewe. Upasuaji hausomwi kitabuni ukaisha. Kitabu kitakuambia mshipa unapita wapi, lakini hakitakuambia uvute uzi kwa nguvu kiasi gani kabla haujakata nyama. Hilo unalijua kwa kusimama kando ya mtu anayelijua. Mababu zetu walikuwa na neno lake: mwanagenzi. Mwanagenzi wa kujenga majahazi haanzi kwa kupiga randa. Anaanza kwa kushika mbao wakati fundi anapima, mwaka unapita, ndipo siku moja anaambiwa, haya, shika wewe. Chumba cha upasuaji ni hivyo hivyo. Daktari kijana anaanza kwa kushika vyuma vinavyotanua kidonda, saa mbili, saa tatu, mikono inakufa ganzi. Halafu anaruhusiwa kushona ngozi. Halafu ngiri. Halafu kidole tumbo. Mpaka siku mwalimu anapohama upande wa meza, anasimama pale alipokuwa anasimama mwanafunzi, na kushika vyuma yeye.

Mfumo huu wa daktari anayesomea ubingwa, ambaye wengi humwita rezidenti, una historia yake. Neno lenyewe maana yake ni mkazi, kwa sababu madaktari hao walikuwa wakiishi hospitalini hasa. Aliyeupa sura tunayoijua leo katika upasuaji ni William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889. Kwa Halsted mafunzo hayakuwa na tarehe ya kumaliza. Mwalimu ndiye aliyeamua kwamba sasa umeiva. Waliofika kileleni walikuwa wachache, lakini wakienda kwenye hospitali nyingine walianzisha mafunzo kama yale waliyoyapitia. Mtu mmoja akawa mti wenye matawi nchi nzima.

Huku kwetu mti ulichelewa sana kutoa matawi, na sababu haikuwa ukosefu wa vijana wenye akili. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897. Mulago ilianza mwaka 1913. Mafunzo ya udaktari pale Makerere yalianza mwaka 1924. Kwa miongo mingi vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar waliotaka udaktari walielekea Makerere, maana Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967. Lakini mkoloni alikuwa akifundisha huku amefunga mlango. Kwa muda mrefu wahitimu wa Makerere hawakuhesabiwa sawa na madaktari waliotoka Uingereza. Walikuwa wasaidizi. Na ubingwa? Huo ulifuatwa Ulaya, kwa atakayepata nafasi.

Mwaka 1961 Sebastian Kyalwazi, Mganda aliyesomea udaktari Makerere, alipata ufelo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Edinburgh. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufikia hapo. Piga hesabu, ndugu yangu. Kutoka 1924 mpaka 1961 ni miaka 37! Mtoto aliyezaliwa siku shule ile inafunguliwa angekuwa mtu mzima mwenye watoto wake ndipo amwone Mwafrika mwenzake amesimama kama bingwa wa kisu.

Kyalwazi hakuishia kwenye cheti. Alirudi Mulago, akapasua, akafanya utafiti wa saratani ya ini na ya ngozi ile inayoitwa Kaposi, na akaja kuwa profesa wa upasuaji Makerere. Uprofesa huo naona ni mkubwa kuliko ule ufelo wa Edinburgh. Ufelo ulimfaa yeye. Uprofesa ulikuwa na maana kwamba kijana wa Soroti, wa Bukoba au wa Kisumu hakuhitaji tena kumwona Mzungu ndipo aamini kwamba kazi hii inawezekana. Alimwona Kyalwazi akipita wodini asubuhi.

Lakini tusiwafute na wale wageni waliofundisha kwa moyo. Burkitt ni mfano mzuri, na somo lake si la kisu. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini pale Mulago amtazame mtoto wa miaka kama mitano aliyevimba taya pande zote nne. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Daktari mwingine angesema ni bahati mbaya ya watoto wawili, akaendelea na ngiri zake. Yeye alianza kuchimbua majalada ya zamani, akaandika makala ya kwanza mwaka 1958, akatuma barua kwa madaktari wa hospitali mbalimbali za Afrika akiwauliza kama wameona uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kilomita kama 16,000 kuelekea kusini, hospitali hadi hospitali, wakiuliza swali lile lile. Mwaka huo huo mhadhara wake mjini London ulimvutia mtafiti Anthony Epstein, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kuona kirusi ndani ya chembechembe za saratani hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kirusi kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kuna jambo hapa ambalo vijana wanaosomea ubingwa wangelibandika ukutani. Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini aligundua kwamba kukata taya za watoto wale hakusaidii. Aliweka kisu chini, akajaribu dawa, na uvimbe ukayeyuka. Bingwa wa kweli anakufundisha kupasua, na anakufundisha pia lini usipasue. Hili la pili ndilo gumu, kwa sababu halina makofi.

Kazi hiyo ya dawa ndiyo iliyozaa kituo cha saratani cha Mulago, kilichofunguliwa mwaka 1967 kwa ushirikiano wa idara ya upasuaji ya Makerere, chini ya McAdam, na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Ziegler alikuwa kijana tu alipokabidhiwa kukiongoza. Kwa hiyo unaona mnyororo wenyewe: Burkitt anaona, McAdam anaipa kazi nyumba, Kyalwazi na wenzake wanaifanya, na madaktari vijana wa Uganda wanajifunza wakiwa ndani.

Sasa turudi 1972.

Huo ulikuwa mtihani, na haukutangazwa mapema. Wakubwa wameondoka, fedha zinakauka, askari wako barabarani. Kituo kile cha saratani kingefungwa mlango na hakuna ambaye angeshangaa. Hakikufungwa. Charles Olweny, daktari Mganda aliyekuwa amefanya kazi na Ziegler, alikishika. Baada yake wakaja wengine, miongoni mwao Edward Katongole-Mbidde aliyekaa pale kwa miaka mingi ya shida. Kulikuwa na miaka ambayo dawa zilikuwa za kuokoteza na majengo yalikuwa yanavuja heshima yote. Lakini mlango ulibaki wazi, na leo ni taasisi ya saratani ya taifa zima la Uganda.

Nasema hivi: tuzo ya Lasker ya 1972 ilikuwa karatasi. Cheti cha kweli cha walimu wale ni kwamba walipoondoka wodi iliamka asubuhi na kukuta kuna daktari.

Mfano wa pili unatoka kaskazini ya nchi hiyo hiyo, mji wa Gulu, na huu unauma zaidi. Mwaka 1961 mwanamke wa Canada, Lucille Teasdale, mzaliwa wa Montreal, alifika hospitali ndogo ya wamisionari ya Lacor. Alikuwa daktari wa upasuaji, na alikuja kumsaidia daktari Mtaliano, Piero Corti, kwa miezi miwili tu. Miezi miwili ikageuka maisha. Waliona pale pale, wakazaa pale, wakajenga hospitali pale. Asubuhi Lucille alikuwa anaona wagonjwa wa nje, mchana anaingia chumba cha upasuaji. Inahesabiwa kwamba alifanya upasuaji zaidi ya 13,000.

Vita ya Kagera ilipomwangusha Amin mwaka 1979, na katika miaka ya mapigano iliyofuata, majeruhi walimiminika Lacor. Lucille alikuwa akichokonoa risasi na vipande vya mifupa iliyovunjika, na mifupa hiyo ilikuwa inamchoma vidole kupitia glavu. Mwaka 1985 alipimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi. Wakati huo hapakuwa na dawa za kurefusha maisha. Aliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki tarehe 1 Agosti 1996, na kaburi lake liko Lacor.

Kati ya vijana waliopita mikononi mwa Lucille na Piero alikuwapo Matthew Lukwiya, aliyefika Lacor mwaka 1983 akiwa daktari wa mafunzo ya vitendo. Wale wawili walimwona mapema kuwa ndiye mrithi wao. Hakuwa daktari wa upasuaji, alijikita kwenye watoto, lakini aliyojifunza pale hayakuwa ya kisu tu. Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni alipopigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi Gulu mara moja. Akasoma majalada usiku, akashuku ni Ebola kabla majibu ya maabara hayajatoka, akafungua wodi ya kutenga wagonjwa, akaingia yeye mwenyewe. Wauguzi walipotaka kukata tamaa, alibaki nao. Tarehe 5 Desemba 2000 Ebola ilimuua. Alikuwa na miaka 43. Alizikwa kando ya Lucille.

Mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja kauawa na kirusi alichokipata akihudumia wagonjwa. Sisemi hivi ili tuwatukuze wafiadini, maana hospitali nzuri ni ile isiyoua madaktari wake. Nasema hivi kwa sababu hakuna mtaala ulioandikwa wa kumfundisha mtu kubaki wodini wakati wote wanataka kukimbia. Lukwiya alikuwa ameona mtu akibaki, kwa miaka mingi.

Na Lacor? Ipo. Inatibu, na inafundisha.

Kuna watakaosema, aah, wazee wale walikuwa wakali mno, walikuwa wanawatukana vijana mbele ya wagonjwa, walikuwa wanarusha vyombo. Ni kweli, wa namna hiyo wapo katika kila nchi. Ukali wa kumdhalilisha mtu tusiuite malezi. Kijana anayeogopa kuuliza ndiye atakayekata mshipa usiokatwa. Lakini kuna ukali mwingine, ule wa kumwambia mwanafunzi hesabu vitambaa tena kabla hujafunga tumbo, hata kama ni saa tisa usiku na wote mmechoka. Huo tusiuache upotee. Ukali huo ni upendo kwa mgonjwa aliyelala kwa nusu kaputi na hawezi kujitetea.

Mbona nalileta suala hili sasa? Kwa sababu ya hesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahesabu madaktari bingwa wa upasuaji katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini ukawakuta 1,690. Maana yake ni kwamba watu laki moja wanagawana kama nusu ya daktari mmoja! Kamisheni ya kimataifa ya jarida la Lancet ilisema mwaka 2015 kwamba kila watu laki moja wanahitaji angalau wataalamu 20, ukijumlisha wa upasuaji, wa usingizi na wa uzazi. Bodaboda ikigonga, ngiri ikijinyonga, mtoto akikwama njiani, hizo namba zinaacha kuwa namba.

Hatuwezi kuziba pengo hilo kwa majengo. Jengo unaweza kulipata kwa msaada na kulizindua kwa utepe. Mkono unachukua miaka mitano au zaidi, na lazima pawepo mwingine wa kuufundisha. Ndiyo maana nafurahi kwamba wazee wetu hawakulala. Chama cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 1950 ndicho kilichozaa, mwaka 1999, chuo cha upasuaji cha ukanda huu kijulikanacho kama COSECSA, chenye makao yake Arusha. Wenyewe wanakiita chuo kisicho na kuta. Kijana habanwi kwenda mji mkuu. Anabaki kwenye hospitali iliyokubaliwa, chini ya bingwa aliyekubaliwa, miaka miwili ya msingi na mitatu ya ubingwa, halafu anakutana na wenzake wa nchi nyingine kwenye mtihani mmoja. Hapa Tanzania Muhimbili, KCMC na Bugando nao wana shahada zao za uzamili.

Na vijana hawa wanakimbilia Ulaya? Hebu sikia. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliwafuatilia mabingwa wa upasuaji zaidi ya 1,000 waliohitimu ndani ya ukanda wetu mpaka mwaka 2013. Asilimia 85 walikuwa bado katika nchi waliyosomea. Zaidi ya asilimia 93 walikuwa bado Afrika. Mti unaootea kwako haung'oki kirahisi.

Lakini mwalimu analipwa nini? Hapo ndipo pana kidonda. Bingwa akipasua hospitali binafsi jioni, analipwa. Akiandika makala ya kitaalamu, anapanda cheo. Akitumia dakika arobaini za ziada kumwachia kijana ashone mwenyewe, akiwa amesimama pembeni na moyo unamdunda, hapati chochote. Dakika hizo hazimo kwenye fomu yoyote. Na ndizo zilizotupa madaktari tulio nao.

Ombi langu ni dogo. Wazee hawa wengi wamestaafu, na wengine tumeshawazika. Tusingoje tanzia. Kama wewe ni daktari, mtaje mwalimu wako kwa jina mbele ya wanafunzi wako, waijue nasaba yao. Kama una mzee wa namna hiyo mtaani kwako, kaa naye umwulize nani alimshikisha kisu mara ya kwanza, na yeye akamshikisha nani, uandike. Wizara na vyuo nao waihesabu kazi ya kulea mabingwa kuwa kazi, wailipe. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, na kila nahodha wa chumba cha upasuaji aliwahi kuwa baharia wa mtu fulani.

Siku ukilala pale mezani, taa ile kubwa ikiwa juu yako, mikono itakayokushona haitakuwa ya mtu mmoja. Nyuma yake kuna ya mwalimu wake, na ya mwalimu wa mwalimu wake. Tuwape haki yao.